Meno Thelathini na Moja

Kompyuta za ofisi ile zilikuwa ishirini na nne. Fundi alizihesabu kwa kidole, meza kwa meza, kisha akawasha programu inayopita kwenye mtandao, ikiuliza kila mashine ina nini ndani. Orodha ikarudi na mashine ishirini na tano.

Ile ya mwisho haikuwa na chumba. Kwenye nafasi ya vifaa iliandika: hakuna. Kwenye nafasi ya mhusika: natafuta.

Mkurugenzi alikuwa na pengo la jino moja la mbele, na kila alipomdharau mtu alilichokonoa kwa ulimi. Kwake, fundi alikuwa Bwana Nyaya. Mama mfagizi hakuitwa kabisa. Alionyeshwa vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Miaka mitatu chuoni," mkurugenzi akamwambia fundi, "na kuhesabu kumekushinda."

Fundi akamweleza kwa adabu kwamba taarifa haifungiki mpaka kila mashine iwe na mhusika. Mama mfagizi, aliyekuwa akipangusa dirisha, akasema polepole, "Mwanangu, kitu usichokijua usikipe jina la mtu."

"Siku hizi hata ufagio una ushauri," mkurugenzi akasema. "Andika jina langu. Tuone hilo jini la nyaya litanifanya nini."

Fundi akaandika.

Asubuhi iliyofuata ofisi ilinuka nywele zilizoungua. Mashine ya ishirini na tano ilikuwa na kitu ndani: meno thelathini na moja. Kufikia adhuhuri ziliongezeka figo mbili, kovu la goti, sauti. Na papo hapo mkurugenzi, aliyekuwa akimfokea karani nyuma ya mlango wake, akanyamaza katikati ya tusi, na badala yake ukasikika mvumo mwembamba kama wa feni, ukipanda, ukipenya ukutani, ukitambaa chini ya meza moja hadi nyingine, mpaka watu wazima wote wakainua miguu yao sakafuni bila kuambiana.

"Futa, mwanangu," mama akanong'ona.

"Nikifuta namfuta na yeye. Yumo humu."

Fundi akaliondoa jina tu. Mvumo ukakatika. Miguu ikashuka, mmoja mmoja.

Mlango ukafunguka. Mkurugenzi akatoka taratibu, akainamisha kichwa mbele ya mfagizi.

"Shikamoo, mama." Kisha akamgeukia fundi. "Ahsante kwa kunitoa."

Akatabasamu. Mama alikuwa akilitafuta lile pengo, na pengo halikuwapo.

Fundi akatazama skrini. Meno yalikuwa bado thelathini na moja. Kwenye nafasi ya mhusika maneno mapya yalikuwa yakijiandika: nitoe haraka, Bwana Nyaya, mpumbavu wewe.

Akayasoma mara mbili. Kisha akaufuta mstari wa ishirini na tano, akaifunga taarifa: kompyuta ishirini na nne.