Wito Ulioita Kwenye Koti la Rogers

Prado nyeusi iliyokuwa nyuma yao ilizima taa.

Judica, mpelelezi aliyekuwa usukani, aliiona kwenye kioo. Mtu mwema hazimi taa kwenye ukungu wa namna hii. Akakanyaga mafuta, pikapu ikaruka mashimo ya barabara ya Getanuwas kama mbuzi aliyeona chui.

"Polepole, mwanangu," Bibi Verediana akasema. "Meno yenyewe yamebaki machache."

Redio ikakoroma. "Kipanga, hukumu ni asubuhi hii, Katesh. Ikitoka, shamba ni lao."

"Nimekupata, Mkuu," Judica akajibu.

Shamba la Bibi lilikuwa tambarare, halina hata jiwe. Genge la magendo ya pembe za ndovu lilihitaji uwanja wa ndege wa namna hiyo. Wakala wao, Rogers, alimshtaki Bibi kuhusu shamba hilo, akadai wito wa mahakama ulimfikia kwa barua pepe na kwamba Bibi mwenyewe alijibu.

"Bibi, una barua pepe?"

"Nina ng'ombe."

Sheria inakubali wito wa barua pepe, mradi anwani iwe ya mhusika kweli. Na jibu lile, lililokwenda kwa karani kijana, lilianza hivi: Shikamoo karani.

Bibi wa miaka sabini amwamkie mjukuu? Huku?

Lakini harufu ya uongo si ushahidi.

Risasi ikapasua kioo cha nyuma. Bibi akainama, akaita watakatifu wawili. Wa tatu hakumfikia. Judica alifunga breki. Prado ikawapita, Beretta ya Judica ikabweka mara mbili, tairi likapasuka.

Ukungu ukaimeza.

Mahakamani, Rogers alikuwa amesimama ndani ya suti mpya.

"Mheshimiwa, mdaiwa alipuuza wito. Naomba hukumu itumwe kwa anwani ile ile. Atajibu, kama alivyojibu mwanzo."

Atajibu. Basi simu ya kujibia haiko mbali.

Mlangoni, kidole cha Judica kilibonyeza Samsung yake.

"Mheshimiwa, mdaiwa ni huyu hapa. Nimemwandikia sasa hivi, kwa anwani hiyo hiyo."

Mikono ya Bibi ilikuwa mitupu.

Koti la Rogers likalia.

Ukumbi mzima ukageuka.

"Pokea, kaka," Judica akasema. "Ni hati ya kukukamata."

Mkono wa Rogers ukazama kwenye koti, lakini si upande wa simu. Judica aliuwahi. Ukalia kama muwa unaovunjika, bastola ikadondoka sakafuni.

Hakimu alivuta pumzi. "Wito haukumfikia mdaiwa. Shauri limetupwa." Akamtazama Judica juu ya miwani. "Na hiyo hati yako, binti, kwa barua pepe imefika?"

"Asije akabisha, Mheshimiwa."

Akachomoa nakala ya karatasi, akaiweka kwenye mkono mzima wa Rogers, akawaachia askari pingu. Kisha akatoka ukunguni, kutafuta fundi wa vioo.