Walii wa Kona ya Dhok Sumbal

Glasi zilianza kulia kabla lori halijasikika. Zilikuwa rafuni, kavu, hakuna aliyezigusa, nazo zikagongana polepole kama meno ya mtu mwenye homa. Kisha ikaja harufu ya karafuu maiti, ikaimeza harufu ya chai ya maziwa. Bakhtawar Bibi akaliweka birika chini. Breki zikapiga yowe, kikafuata kishindo, halafu kimya, na machungwa yakabingirika mpaka mlangoni mwa hoteli yake.

Barabara ya zamani ilikuwa na mashimo ya kumzika ngamia, na hakuwahi kufa mtu. Hii mpya ilizinduliwa kwa utepe na hotuba ndefu. Inashuka mlima imenyooka, laini kama hariri, inamjaza dereva kiburi, kisha nyuma ya hoteli inakunjika ghafla kama kiwiko.

Mganga aliyeletwa alisema pale anakaa jini wa kike, amejitanda shela nyekundu ya bi harusi, nyayo zake zimegeuzwa, visigino mbele, vidole nyuma. Anayepunguza mwendo hupandiwa garini. Dawa ni kukanyaga mafuta na kusoma dua. Madereva wakatii. Wakafa huku wakisoma.

Injinia wa idara ya barabara alikuja kukagua, akaanza na chai.

"Mlima unawapa kasi ya mia," alisema, akipuliza glasi, "na kona inaruhusu arobaini. Makosa ni ya dereva."

"Basi weka matuta, mheshimiwa."

"Barabara kuu haiwekwi matuta, mama. Kanuni."

"Na huyo jini?"

"Jini hayumo kwenye bajeti yangu."

Jioni hiyo mwanawe Shamraiz akapiga simu. Kesho asubuhi angepita na shehena ya chumvi.

"Mwanangu, ukifika kwenye kona punguza mwendo."

"Nipunguze anirukie? Mama, unanitakia mema kweli? Nitakanyaga, nitasoma Ayatul Kursi, nitakuja kula parata zako."

"Utazila ukiwa kwenye jeneza! Shamraiz! Punguza, nakuambia!"

Simu ilikuwa imeshakatika.

Bakhtawar hakulala. Alijua jambo moja kuhusu madereva: wanaipuuza sheria, askari na mama zao, lakini hakuna hata mmoja anayepita kaburi la walii bila kuzima muziki, kupunguza mwendo na kuweka mkono kifuani. Kulipokucha, ukungu ukiwa mzito kama maziwa, alichukua jembe, shuka la kijani, bendera na ubani, akapanda mpaka pale mteremko unapoanza kuikaribia kona, akaanza kuchimba kaburi la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Alikuwa ameshachimba mpaka magotini harufu ilipokuja, na nyuma ya harufu mlio wa bangili, na nyuma ya bangili shela nyekundu iliyosimama ndani ya ukungu bila kuloa, ikasogea huku nyayo zake zikielekea kule ilikotoka, ikasogea tena, mpaka pumzi baridi ikamgusa sikioni na sauti nyembamba ikamnong'oneza, "Waache waende mbio. Wanaokwenda mbio ni wangu."

Bakhtawar hakuliachia jembe. Na ulimi wake ulikuwa mzima.

"Mwanangu si wako. Shika jembe unisaidie, au nipishe."

Akaendelea kuchimba. Akarundika udongo, akatandika shuka, akachomeka bendera na kuwasha ubani.

Mlimani lori likanguruma. Kule hotelini glasi zikalia, akazisikia kutoka pale. Muziki ulikuwa juu, injini inapiga kelele, taa zikaupasua ukungu. Halafu, ghafla, muziki ukazimwa. Lori likapiga chafya, likajikokota. Shamraiz akapita mkono kifuani, akaizunguka kona kwa heshima zote, akaegesha mbele ya hoteli.

"Mama! Huyu walii katoka wapi?"

"Alikuwapo siku zote. Nyinyi mlikuwa mnapita mbio. Kula."

Tangu hapo hakuna aliyepata ajali. Injinia akarudi, naye akaweka mkono kifuani, akaamuru kibao cha serikali kisimikwe: PUNGUZA MWENDO, KABURI LA WALII. Aliuliza jina la walii kwa ajili ya taarifa. "Baba Taratibu," akajibiwa, naye akaliandika.

Asubuhi moja nyayo mbichi zilionekana kwenye udongo, zikitoka kaburini kuelekea barabarani. Madereva wakashangilia: walii kamfukuza jini, tazameni anavyokimbia! Shamraiz akagawa peremende.

Mama yake peke yake ndiye aliyekumbuka vidole vya yule jini vinatazama wapi. Hakutoka. Ameingia.

Akachukua fagio, akazifagia nyayo zote, akaketi kwenye ukingo wa kaburi na glasi yake ya chai. Chini ya udongo bangili zikalia.

"Umepata nyumba," akasema, "na salamu kutwa nzima. Sasa tulia, la sivyo nakuhamisha kwa jembe hilihili."

Bangili zikanyamaza. Chai glasini iliendelea kutetemeka. Akainywa yote.