Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Mtoto alinyamaza ghafla mno.

Truphena aliacha kuchapa kwenye kompyuta, akamtazama. Bintiye wa wiki tatu alikuwa amelia siku nne mfululizo. Huku Kendu Bay, mtoto akililia jina hutajiwa wafu wa ukoo mmoja mmoja hadi anyamaze, na mama mkwe, Eucabeth, alikuwa amewataja wote. Mtoto aliwakataa, hata yule shangazi aliyependwa na kila mtu.

Sasa alikubali jina la mgeni. Kazi ya Truphena ilikuwa kunukuu kwa maandishi rekodi za sauti za wazee wa Palestina waliotolewa vijijini mwao na vita vya 1948, naye alikuwa na mazoea mabaya ya kusoma kwa sauti kila alichoandika. "Rasmia," alisoma. Basi. Mzee mmoja alikuwa akisimulia habari za dada yake mchanga, aliyesahaulika ndani ya nyumba siku ya kukimbia.

"Basi tutamwita hivyo," Truphena akasema, maskini, amelewa usingizi.

Kufikia Jumapili mtoto hakunyonya tena. Nywele zake zilinuka moshi, ilhali wao walipikia gesi. Na mchana kweupe vumbi kama la ukuta uliobomoka lilimjaa mdomoni, na kila Truphena alipolipangusa lilirudi, huku mtoto akiukodolea macho mlango kama anayengoja kuchukuliwa, akizidi kuwa mwepesi mikononi siku baada ya siku, mwepesi hata mama yake akaogopa kumbeba.

"Nyar Ndhiwa," Eucabeth alinong'ona, akimwita binti wa kwao Ndhiwa, "umeleta nani kwangu?"

"Ni jina tu, mama. Ya mtoto aliachwa kwa nyumba."

"Hiyo ni jini, na inamaliza huyu wetu. Futa hiyo jina!"

"Nikifuta, hakuna mahali ingine ameandikwa. Dunia yote, mama."

"Na huyu wako? Unataka tumuandike kwa msalaba?"

Truphena akafuta, jina na rekodi yenyewe, akilia. Papo hapo mtoto akavuta pumzi, akadaka titi, akanyonya hadi akalala. Eucabeth alimshukuru Mungu, akaenda kuinjika chai.

Ndipo kilio cha kitoto kichanga kikaanza nje ya mlango. Truphena aliziba masikio. Alitaka kumbembeleza kwa kumwita jina lake, lakini jina lenyewe lilikuwa limemtoka kabisa kichwani. Maziwa yakaanza kumchuruzika, yakalowesha blauzi, na hayakukoma, kwa sababu huko nje mtoto alikuwa bado analia.