Mbwa Aitwaye Ngiyakubona

"Lipi?"

Sauti ya Kanali Dlomo ilikwaruza sikioni mwa Hlengiwe Mbatha.

"Bado, mkuu."

"Malori matatu, dada, na kibali cha kupekua moja tu. Ukikosea, pembe za faru zinapanda meli Durban."

Hlengiwe alikuwa kiwandani Pietermaritzburg, ndani ya suti ya mchambuzi wa benki, bastola ya Glock kiunoni. Mbele yake, mkurugenzi Gumbi alitabasamu.

Hlengiwe alikuwa amechambua hesabu za chakula cha mbwa cha Gumbi, na za washindani wake wote. Gunia la Gumbi liliuzwa kwa bei ndogo kuliko mahindi na mifupa iliyomo. Washindani wawili walikuwa wamefunga milango. Gumbi alizidi kunenepa. Na harufu ya maini makavu ya chakula hicho iliwalevya mbwa wa polisi wakasahau kazi.

Sibonelo, polisi mwenzake, aliyagundua hayo kabla yake. Alizikwa na tundu la risasi kifuani, na mbwa wake hakuonekana tena. Tangu hapo Hlengiwe humsikia akipumua redioni, kwenye masafa yasiyo na mtu. Humwogopa. Huogopa zaidi kwamba siku moja atanyamaza.

"Kiwanda kinakula hasara, baba, wewe unanawiri. Siri nini?"

"Sala, mwanangu! Ninyi wa benki mnasali lini?"

Wakatoka hadi uani, kwenye malori matatu. Madereva waliwasha injini.

Redioni, pumzi.

Ndipo Hlengiwe alipolikumbuka jina la mbwa wa Sibonelo. Wazulu hawampi mbwa jina bure. Jina ni kijembe cha kumrushia jirani: unamwita mbwa, jirani anasikia lake.

Akapiga mluzi.

"Ngiyakubona!" aliita. Nakuona. "Njoo, Ngiyakubona!"

Madereva wakaangua kicheko. "Dada, huyo jirani kakuibia kuku?"

Gumbi hakucheka. Alirudi nyuma, macho yamemtoka, mpaka mgongo ukagonga lori la katikati. Akatandaza mikono kulikinga.

"Nyamaza! Mbwa yule nilimpiga risasi mwenyewe!"

Injini zikazimwa moja moja.

"La katikati," Hlengiwe aliiambia redio.

Polisi waliingia mbio. Visu vikapasua magunia, chakula kikamwagika, na ndani yake pembe, kubwa na ndogo, nyingine za ndama.

Gumbi alitiwa pingu.

"Yule bwana alisimama getini kwangu na mbwa wake, anaita jina lile, anaita. Nikajua ameniona. Ningefanyaje?"

Kumbe Sibonelo aliuawa kwa jina tu.

"Hakuwa akikusema wewe," alimwambia. "Alikuwa anamwita mbwa wake. Jina lile alimpa nyumbani, zamani, kabla hajakujua."

"Alikuwa akimsema nani, basi?"

"Jirani. Nyumba yetu na yao zilitumia ua mmoja."

Hlengiwe alivaa miwani ya jua, akatoka getini bila haraka. Miaka yote ile Sibonelo alimwita kupitia mbwa, naye hakuwahi kumjibu.