Yatima wa Jukwaani

Walijuana kwa kukwazana. Ilikuwa ukumbini, katika hoteli kubwa ya mjini, saa ambazo wahudumu wanapishana na sahani na wapambaji wanazozana juu ya ngazi. Binti alikuwa amevaa viatu virefu vya kuazima, kisigino kikanasa kwenye waya. Chini ya meza kikachomoza kichwa cha kijana aliyevaa vipokea sauti shingoni.

"Dada, huo waya ukikatika, hafla nzima bubu."

"Na mguu wangu ukivunjika?"

"Huo nitaubeba. Waya ni wa bosi."

Binti akacheka bila kupenda. Kijana alikuwa fundi wa sauti, na alipokwenda kumbandikia kipaza sauti kidogo kwenye ukosi wa gauni, kilimponyoka kikadondoka. Tangu siku hiyo akambatiza Bi Kipaza. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda hata walinzi wa hoteli wakawa wanamtania fundi kila wakimwona anapiga pasi shati.

Shida ni kwamba fundi alimpenda msichana asiye na mama, na mama wa msichana huyo alikuwa hai, mzima wa afya.

Shirika la vijana lililomsomesha lilifanya hafla ya harambee kila mwaka, na kila mwaka yeye ndiye aliyepanda jukwaani kusema, "Sina baba wala mama." Baba alifariki kweli. Mama alikuwa anafua mashuka ya hospitali, na kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu. Ila hapo zamani mkurugenzi wa shirika, ambaye wote walimwita Mama Mlezi, alimtangaza mtoto kuwa yatima mbele ya wafadhili. Wageni wakalia, mikoba ikafunguka, na uongo ukawa mtaji. Mama mtu alipoambiwa, alisema, "Kufa midomoni mwa watu si kufa, mwanangu. Wewe soma." Akasoma, akafika chuo cha uuguzi. Kila alipotaka kujitoa, Mama Mlezi alimkumbusha kwa sauti laini kwamba akifungua mdomo, wasichana wote wa bweni watarudi kulala vibarazani. Ataponea wapi mtu wa namna hiyo? Mbele wafadhili, nyuma watoto wa watu.

Sasa fundi alitaka kuoa.

"Wazee wangu wako tayari, mpenzi. Niambie tu waende kwa nani. Mjomba? Shangazi?"

"Tutaongea kesho."

"Kesho yako haina jua. Unanificha nini?"

"Nimechoka tu, laazizi. Kesho."

Ikaja siku ya hafla nyingine. Mama Mlezi alimchagulia gauni la zambarau lililombana mbavu, akamsimamisha nyuma ya pazia, kipaza kifuani. Simu ikatetemeka mkononi. Alikuwa mama yake.

"Nipo getini, mwanangu. Nataka nikuone tu ulivyovaa, nichungulie nirudi."

"Usije, kipenzi changu, tafadhali," akanong'ona. "Watakuona. Nikitoka nakuja kwako moja kwa moja. Hapana, yeye hajui. Nakupenda, unajua nakupenda."

Alipogeuka, fundi alikuwa amesimama hapo, vipokea sauti masikioni, uso umemsawajika.

"Ungezima kipaza kwanza. Bahati yako nimesikia mimi peke yangu."

"Sivyo unavyofikiri."

"Basi ni nani huyo kipenzi? Ndiye anayewazuia wazee wangu?"

Akafungua mdomo. Harufu ya manukato ikamtangulia Mama Mlezi, kisha vidole vyake vikamshika kiwiko. "Mwanangu, mfadhili mkuu amekaa mbele. Leo lia mapema kidogo." Fundi akaondoka bila kuaga. Moyo wa binti ukapasuka, na hakuwa na pa kuuweka, maana jina lake lilikuwa linatangazwa.

Taa zikampiga usoni. Mwisho wa ukumbi alimwona fundi ameinama juu ya mitambo, hataki hata kumtazama.

"Sina baba," akaanza. Aliona kabisa kwamba akimalizia kama alivyozoea, usiku huu atazika wawili, mama na mchumba.

"Sina baba. Mama ninaye."

Uma wa mtu ukaangukia sahani.

"Anafua mashuka ya hospitali. Sasa hivi yupo getini, nimemfukuza kwa simu asije akaonekana. Na kama kuna aliyesikia nikimwita mtu kipenzi changu, ndiye huyo."

Mama Mlezi alikuwa amesimama, anampungia fundi mkono na kujipitisha kidole shingoni: kata sauti! Fundi alimtazama. Kisha akamtazama binti. Akasukuma sauti juu.

"Wasichana wa bweni wana shida ya kweli, haihitaji kuongezewa maiti," sauti ya binti ikajaa ukumbi mzima. "Wasaidieni hao. Mimi nimewadanganya, naomba radhi."

Mfadhili mkuu alisukuma kiti akatoka. Mama mmoja wa meza ya nyuma alipiga makofi, akajikuta peke yake, akaacha. "Ada utajijua mwenyewe," Mama Mlezi akamwambia pale chini ya ngazi, macho yamemwiva. Binti alipita, akashika njia ya getini. Nyuma yake fundi alikuwa amemwachia mwenzake mitambo.

Mama alikuwa amejibanza kando ya kibanda cha mlinzi, mikono imekunjamana kwa sabuni.

"Umependeza! Mbona umetoka mapema?"

"Mama, nimewaambia upo."

"Na chuo?"

"Sijui, mama."

Akamvuta kifuani, wakalia wote wawili, gauni la watu likalowa.

Fundi akasogea, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyu ni nani?"

"Ni mimi niliyemshuku mwanao bure," akasema fundi. "Nilikuwa nauliza, mama, wazee wangu waje kwa nani."

Mama akafuta macho kwa kiganja, akampima kijana toka kichwani mpaka viatuni.

"Waje kwangu. Kwani mimi nimekufa?"