Kopo Lililopoa

Mama Sabuni hakuweza kutulia. Asubuhi ile alikwenda bustanini mara nne. Kabichi zilizidi kugeuka manjano, na familia ilizitegemea msimu mzima.

Mumewe alitia mbolea ya urea kwenye kopo lenye maji kidogo, akakoroga. Mama Sabuni akalishika kopo, kisha akaliachia upesi.

"Baba Watoto, mbona baridi hivi?"

"Na punje zimebaki chini," mumewe akasema.

"Basi umeuziwa chumvi. Kostiki ninayotengenezea sabuni ikiingia majini, ndoo inaunguza. Kitu chenye nguvu hutoa joto. Hii imekufa. Katupe mfuko wote."

"Nikitupa, tutanyunyizia nini? Mate?"

Hata hivyo mumewe aliubeba mfuko hadi kwenye shimo la taka. Jirani yao, bwana shamba, alimwona, akateremka kwenye baiskeli. Alikuwa amechelewa kazini, lakini alisimama.

"Shemeji, subiri kwanza." Alirudi naye bustanini, akasimuliwa yote, akalipapasa kopo. "Mbolea hii ni nzima. Kostiki ikiyeyuka hutoa joto. Urea hunyonya joto la maji. Joto hilo, liingie au litoke, huitwa badiliko la enthalpia."

"Kama inanyonya, nani anailazimisha kuyeyuka?" Mama Sabuni akauliza.

Bwana shamba hakumcheka. "Hakuna. Ndani ya punje, chembe zimebanana. Majini hutawanyika, kama watoto kengele ya kwenda nyumbani ikilia. Mtawanyiko huo huitwa entropia. Ukipima joto na mtawanyiko kwa pamoja, unapata nishati huru. Nishati huru ikishuka, kitu huyeyuka chenyewe, hata kopo likipoa."

"Na hizi punje?"

"Maji yamepoa mno, tena ni machache. Tumia maji ya vuguvugu. Koroga mpaka punje ziishe, chuja kwa kitambaa, kisha ongeza maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Na usichanganye na kostiki kamwe."

Mama Sabuni akaleta maji ya vuguvugu. Bwana shamba akamshikia kopo mpaka punje ya mwisho ikapotea.

Walinyunyizia jioni, jua lilipopoa. Kila siku Mama Sabuni alizunguka matuta, akifunua majani, akiguna. Siku ya nane akamwita mumewe. Majani machanga yalikuwa ya kijani.

"Zilibaki hatua mbili niutupe ule mfuko," mumewe akasema.

"Usijilaumu, Baba Watoto. Mimi ndiye niliyekutuma."