Gauni la Régina

Siku ya soko kuu la Kasongo, mwaka 1955, baiskeli ya muuza samaki wa Nyangwe ilinasa gauni la Régina na kulichana hadi gotini. Wanawake wa mihogo wakacheka. Asani, fundi cherehani aliyekuwa akishona barazani mbele ya duka la vitambaa, akainuka na kumpa kanga ajifunge.

"Ingia, dada. Hapana lia. Dakika tano tu."

"Nani analia? Miye nacheka."

Kweli alikuwa akicheka, na macho yamejaa machozi. Asani alishona polepole kuliko kawaida yake. Alipomaliza alikuwa amekwisha jua kwamba msichana huyu anajifunza ukunga, kwamba baba yake, mzee Raphaël, ni katekista huko Wamaza, upande wa Kabambare, na kwamba akicheka hufunika mdomo kwa mkono wa kushoto.

Tangu hapo Régina akawa hakosi kifungo cha kushikizwa. Kila Jumamosi alikuja na blauzi yake nyeupe ya kazi, kifungo kimekatika.

"Vifungo vyako vinakufa sana, mupenzi," Asani alimtania.

"Ni fundi hajui kazi."

Lakini Kasongo ilikuwa imekwisha kumpangia kila mtu mahali pake: watu wa msikiti upande wao, watu wa misioni upande wao, na makarani katika nyumba za matofali, wakingoja karti ya Wabelgiji ya kuwa "mustaarabu". Mmoja wa makarani hao alikuwa Gaston, mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama. Siku moja alifika barazani na kitambaa cha hariri, rangi ya samli.

"Unishonee robe, gauni la kizungu. Ni ya Régina, yule wa ukunga. Komisyo ya karti itakuja nyumbani kwangu. Wanaangalia meza, wanaangalia uma na kisu, wanaangalia mwanamuke pia."

Asani alikikunja kitambaa. "Vipimo?"

"Utamupima."

Hakuhitaji kumpima. Usiku na mchana vipimo vile vilikuwa kichwani mwake. Alikata hariri ile huku akimwona Régina mezani kwa Gaston, ameshika uma, anacheka, mkono wa kushoto mdomoni. Kiuno akakipunguza vidole vitatu, makusudi.

Jumamosi Régina alilivaa nyuma ya pazia. Likakwama.

"Asani! Kiuno hiki si changu."

"Muulize Gaston. Labda anakijua kuliko miye."

Pazia likafunguliwa kwa nguvu. "Unasema nini?"

"Ni yeye aliyeleta hariri. Ili ukakae mezani kwake."

Régina alilishika lile gauni kiunoni. "Nilisikia robe yangu iko kwa fundi Asani. Nilidhani ni weye umenishonea." Akarudi nyuma ya pazia, akalivua, akamtupia mapajani. "Na Fatuma je, anayekuletea chakula kila muchana? Unadhani mimi sina macho?"

"Fatuma ni binti ya shangazi!"

"Na kwenu mabinti ya shangazi wanaolewa na nani?"

Na kweli, mama yake Asani alikuwa amekwisha mtaja Fatuma mara mbili kuwa mchumba. Régina aliondoka bila kuaga. Wiki hiyohiyo masomo yakaisha, akapanda lori la kwenda kwao Kabambare.

Siku kumi Asani hakushona kitu cha maana. Chakula cha Fatuma alikirudisha, akamwambia mama yake wazi kwamba hatamwoa. Mama alinuna, hakusema naye siku mbili. Kisha Asani akaenda ofisi ya serikali kuomba karatasi ya ruhusa ya safari. Nyuma ya meza alikaa Gaston.

"Unakwenda wapi?"

"Wamaza."

Kalamu ikasimama. "Sababu ya safari?"

"Kuposa."

Gaston alimtazama kwa chuki isiyofichika. "Nilimuandikia barua tatu. Alijibu moja, akasema hapana. Komisyo ilikuta niko peke yangu na meza yangu." Akachovya kalamu wino. "Nikiandika kuposa, Bwana Mzungu atauliza mwislamu anaposa nani kwa katekista, na hutatoka hapa. Naandika kutembelea jamaa." Akagonga muhuri kwa nguvu kama anayeua nyoka. "Toka mbele yangu."

Asani alipanda lori hadi Kabambare, kisha akatembea kwa miguu hadi Wamaza. Alimkuta Régina uani anatwanga mpunga, kitambaa chekundu kichwani.

"Umefuata nini?"

"Nimefuata weye. Kiuno kile nilikiharibu kwa wivu. Unisamehe."

"Na Fatuma?"

"Nimesema hapana mbele ya mama."

Régina aliendelea kutwanga, lakini mchi ulikuwa ukikosa kinu. Baba yake akatoka ndani. Alisikiliza yote amesimama, kofia mkononi.

"Padri ataniondoa katika kazi ya katekisimu," alisema mwishowe. "Unajua hayo, mutoto wangu?"

"Najua, baba."

"Miaka kumi na minane ya kazi. Na ungali unamutaka?"

Régina akauweka mchi chini. "Ningali namutaka."

Mzee alitazama kanisa la udongo mwisho wa kijiji, akalitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia Asani.

"Basi usiniongelee mambo ya posa umesimama uani kama muchuuzi. Ingia ukae."